Siku mbili Iringa: mwongozo kamili wa kuutembelea mji wa mawe na wa Mkwawa

Wageni wengi hufika Iringa kwa kupitia tu. Wanaenda Hifadhi ya Ruaha kuona simba, wanalala mjini usiku mmoja, alfajiri gari linawachukua. Wakirudi Dar wanasimulia kwamba Iringa wanaijua. Wanachokijua ni kitanda na baridi.

Mimi naishi hapa, na kila likizo nyumba yangu hujaa ndugu. Mara ya kwanza nilipowatembeza niliharibu. Tulianza na makumbusho ya Kalenga saa nne asubuhi, kaka yangu akalitazama fuvu la Mkwawa dakika mbili, akaniuliza, "Ndiyo hili tu?" Isimila, kwenye korongo la nguzo za mchanga, tukafika saa saba mchana, jua la utosi, shangazi kavaa ndala, mtoto analia kiu. Gangilonga, lile jiwe kubwa la kilimani, tukaifikia giza limeshaingia, tukaona taa za mji na mbu. Vivutio vyote vilikuwa vilevile ninavyovisifia kila siku. Kilichokosekana ni mpangilio.

Kwa hiyo mwongozo huu kazi yake kubwa ni kukupangia nini kitangulie na saa ngapi. Iringa haipangwi kwa kuangalia kipi kiko karibu. Inapangwa kwa jua na kwa kisa cha Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, maana ukikiruka kisa hicho, nusu ya utakachoonyeshwa kitakuwa mawe na mifupa.

Kabla hujafunga begi

Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, umekaa kwenye ukingo wa kilima na chini yake unapita mto Ruaha Mdogo. Mwezi wa sita na wa saba baridi lake si la mzaha. Mtu wa pwani aje na koti la kweli, siyo kishali. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni mvua: kijani kizuri, ila njia za udongo huteleza. Mimi huwaambia watu waje kati ya Mei na Oktoba, labda kama wanataka ulanzi, pombe ya mwanzi, na hapo nitafika.

Viatu vya kufunga ni lazima. Usije ukasema hukuambiwa. Shangazi hadi leo ananikumbusha zile ndala.

Chukua kitambulisho. Kwenye vituo vya malikale Mtanzania halipi sawa na mgeni wa nje, na mlinzi wa geti hawezi kujua uraia wako kwa kukuangalia usoni. Malipo ya serikali mara nyingi hupita kwenye simu kwa namba ya malipo unayopewa palepale, kwa hiyo weka salio kwenye simu, na noti ndogo mfukoni kwa ajili ya bajaji na soko.

Ukitokea Dar ni karibu kilomita 500: Morogoro, Mikumi ambako basi linapunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, kisha Ruaha Mbuyuni na ule mlima wa Kitonga wenye kona ambazo abiria wote huacha kuongea. Baada ya hapo unapita Ilula, nyanya na vitunguu vimepangwa kandokando ya barabara, halafu Iringa. Kwa Dodoma barabara ni lami, na ni karibu nusu ya safari hiyo.

Stendi kuu ya mabasi iko Igumbilo, chini, nje ya mji. Hapo ndipo wageni hupotezewa muda. Mji wenyewe uko juu kilimani. Panda daladala au bajaji, na kama ni bajaji patana bei kabla mguu haujaingia ndani. Kulala, chagua tu: Gangilonga na Wilolesi kumetulia, kuna miti na nyumba za wageni zenye bustani, Miyomboni na pembezoni mwa soko ni rahisi zaidi na uko katikati ya kila kitu, pamoja na kelele.

Jambo la mwisho kabla ya kutoka: jifunze neno moja, *kamwene*. Ndiyo salamu ya Wahehe, wenyeji wa hapa. Mwambie mama anayeuza mboga "kamwene, mama" uone uso unavyobadilika. Jibu lake ni hilohilo, kamwene. Baada ya hapo wewe ni nusu mnyalukolo, yaani mtu wa huku.

Siku ya kwanza, asubuhi: Boma kwanza, kabla ya yote

Anza Boma. Ni jengo la Wajerumani katikati ya mji, lilijengwa mwaka 1900 kama hospitali ya jeshi, baadaye likawa ofisi za utawala, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kuta nene, madirisha yaliyojipinda juu, ndani baridi kuliko nje.

Usikimbie humo. Tenga saa moja na nusu, na umwombe mwongozaji akusimulie, usisome vibao peke yako. Unachokitafuta ni mtiririko huu, ubebe kichwani siku zote mbili:

Mkwavinyika, ambaye wengi tunamwita Mkwawa, alikuwa mtwa, yaani chifu, wa Wahehe, mwana wa Munyigumba. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wake waliwavizia Wajerumani pale Lugalo, wakalisambaratisha jeshi lao na kumuua kamanda Emil von Zelewski, yule ambaye Waafrika walimbandika jina la Nyundo. Bunduki zikatekwa kwa mamia. Wajerumani walijipanga upya miaka mitatu, wakarudi na mizinga, na mwishoni mwa Oktoba 1894 wakaibomoa ngome yake ya Kalenga. Mkwawa hakukamatwa. Aliishi msituni miaka mingine karibu minne akiwashambulia na kutoweka, kichwani mwake kukiwa na zawadi ya rupia 5,000. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Wajerumani wakakata kichwa, fuvu likaenda Ujerumani.

Jina la mji linatoka humohumo: *lilinga* kwa Kihehe ni ngome. Wajerumani walipolitamka likatoka Iringa.

Sasa ukitoka nje ya Boma, mji utakuwa umebadilika machoni pako. Tembea kwa miguu, ni mdogo. Pita Kitanzini. Watu wanapanda daladala za Kitanzini kila siku bila kulifikiria jina, lakini wazee watakueleza: ni kwenye kitanzi, mahali Wajerumani walipowanyongea watu. Hakuna cha kuona pale, ni maduka na pikipiki. Simama tu dakika moja.

Yapo pia makaburi ya wanajeshi, si mbali na katikati ya mji. Upande mmoja Wajerumani waliokufa katika vita vya kumsaka Mkwawa na vya Maji Maji, upande mwingine askari wa upande wa Waingereza, wengi wao kutoka Afrika Kusini, wa Vita Kuu ya Kwanza iliyofika Iringa mwaka 1916. Majani yanakatwa, mawe yamenyooka. Kila nikifika hapo huwa najiuliza Wahehe waliokufa Lugalo wamelala wapi.

Mchana: soko, kisha chakula kinachoagizwa bila sauti

Soko Kuu usiliache. Nenda kabla ya saa sita, mboga zikiwa bado na umande. Utakuta viazi, njegere, parachichi, na kwa msimu wake matunda ambayo mtu wa Dar amezoea kuyaona yametoka ng'ambo. Cha kununua ni vikapu. Kikapu cha Iringa kinasukwa na akina mama kwa milulu, majani fulani yanayofanana na mafunjo. Kukijaribu, kigeuze: angalia kitako. Kikapu kizuri kitako chake kinakaa sawa mezani, na milulu imebana kiasi kwamba ukikiinua kwenye mwanga huoni matundu. Kile kinachoyumba kitaendelea kuyumba. Kupatana bei ni kawaida, ila kumbuka kwamba mtu amekaa siku nzima na zaidi kukisuka. Usishushe hadi ukamuaibisha.

Chakula cha mchana kula Neema Crafts. Usiweke Jumapili, utakuta pamefungwa. Mahali hapa palianzishwa mwaka 2003 na Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Walianza na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, kinyesi cha tembo. Tembo anakula nyuzinyuzi na kuzimeng'enya nusu tu, kinachobaki kikichemshwa na kusafishwa ndicho karatasi. Haina harufu. Kila mgeni wangu hunusa kwanza, halafu ananunua.

Mgahawani wahudumu ni viziwi. Mezani kuna karatasi na kalamu, unaandika unachotaka. Kuna pia picha za ishara za lugha ya alama. Mara ya mwisho nilikuwa na binamu yangu, mtu wa kuongea sana, fundi redio kule Tanga. Alijaribu kusema "chai" kwa kupaza sauti, kama watu wafanyavyo. Dada mhudumu akatabasamu, akamwonyesha: mkono mmoja kama unashika kikombe, mwingine unakoroga. Binamu akarudia. Akakosea. Akarudia tena, dada akacheka kwa mabega bila sauti. Chai ilipokuja, binamu akauliza kwa ishara "asante" inafanywaje, na kwa dakika ishirini zilizofuata sikusikia neno kutoka kwake. Hilo halijawahi kutokea katika ukoo wetu.

Omba kuona karakana. Kuna ufumaji, useremala, shanga, uchapaji. Wanakuonyesha bila kukubana ununue.

Baada ya hapo pumzika. Nasema kweli, rudi ulale saa moja. Kilichobaki leo kinahitaji miguu.

Jioni: Gangilonga

Saa kumi na nusu uwe njiani, saa kumi na moja uwe chini ya jiwe. Gangilonga ni jiwe kubwa juu ya kilima upande wa mtaa wenye jina hilohilo. *Liganga* kwa Kihehe ni jiwe. Gangilonga, jiwe linaloongea. Wenyewe husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akija kukaa hapo kuwaza, na kwamba jiwe ndilo lililomwambia Wajerumani wanakuja. Ukiwa juu, na upepo unapita kwenye nyufa, utaelewa kwa nini watu waliamini. Na hata usipoamini, utaona kitu kingine: kutoka hapo macho yanafika mbali kila upande. Mtu mwenye akili ya kijeshi angelipenda jiwe hili hata lingekuwa bubu.

Kupanda si kazi kubwa, dakika chache, ila sehemu ya mwisho unatumia mikono. Jiwe likiwa limelowa, acha. Usipande peke yako. Nenda na mwenyeji au kundi, na vitu vya thamani visining'inie. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja hivi, kutegemea mwezi. Litazame likigusa vilima, piga picha zako, kisha shuka mwanga ukiwa bado upo. Watu huvunjika miguu wakishuka, siyo wakipanda.

Utakuta watu wameandika majina yao kwa rangi kwenye jiwe. Usiongeze lako.

Siku ya pili, alfajiri: Isimila

Isimila ni kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Unaweza kupanda daladala zinazoelekea huko, ukashuka njia panda na kutembea kama nusu saa. Ni bei nafuu, lakini kurudi ni bahati. Mkiwa watatu au wanne chukueni bajaji au teksi ya kwenda na kurudi, na bei iwe pamoja na kusubiri. Hapa nina kovu: tuliwahi kumlipa dereva nauli yote tulipofika, tukatoka korongoni hatukuona dereva wala vumbi lake. Lipa nusu.

Fika saa mbili asubuhi. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni joto: korongo ni mchanga mtupu, hakuna kivuli, mchana panakuwa kama kikaango. Ya pili ni nzuri zaidi. Asubuhi jua linaingia kwa ubavu, na zile nguzo zinatupa vivuli virefu. Saa saba mchana zinaonekana bapa kama ukuta wa udongo.

Mwongozaji atakuanzishia kwenye zana za mawe. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa safarini aliziokota, na mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini watafiti wakachimba kwa utaratibu. Mashoka ya mkono, vikatio, vikwaruzio, vimetapakaa chini ya paa kama vile wenyewe wametoka kidogo kunywa maji. Vipimo viliyapa umri wa takriban miaka 260,000, na wapo wataalamu wanaodhani ni ya zamani zaidi.

Omba ruhusa ushike moja lile wanalolitumia kuonyeshea. Lishike kwa mkono wa kulia, upande mnene ukae kwenye kiganja. Utagundua linakaa. Kuna mahali pa kidole gumba. Yupo mtu aliyekaa kando ya ziwa dogo, maana hapa palikuwa na maji, akaligonga jiwe hili mpaka likamkaa mkononi, na sasa linakukaa wewe. Makubwa mengine yana uzito wa kilo kadhaa na hakuna ajuaye vizuri yalishikwaje. Mifupa iliyopatikana imo ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kiasi cha kuchungulia huku mwili wote umo majini.

Kisha mnashuka kwenye korongo la nguzo. Mvua na upepo vimekula udongo laini kwa maelfu ya miaka na kuuacha ule mgumu umesimama, minara mirefu kuliko nyumba, mingine imechongoka, mingine imekaa kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Tembea katikati yake taratibu. Usiiegemee wala kuipanda. Ni mchanga ulioshikana tu, unamomonyoka hata kwa kiganja. Saa mbili zinatosha kwa vyote. Maji beba yako, lita moja na nusu kwa kila mtu.

Mchana: Kalenga, na sasa fuvu

Rudini mjini, mle, kisha mtoke tena kwa upande mwingine kabisa, barabara ya Ruaha, inayopita Chuo cha Mkwawa. Kalenga ni kama kilomita 15. Saa tisa ni muda mzuri; umeshapoa na kisa chote umeshakibeba.

Makumbusho ni madogo. Ukiingilia mlango mmoja, hatua chache umeshamaliza, na ndiyo maana kaka yangu aliuliza alichouliza. Kuna silaha, vifaa vya nyumbani, picha za ukoo. Na kwenye kisanduku cha kioo, fuvu.

Hapa ndipo unaposimama na kujisomea moyoni sehemu iliyobaki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliweka kifungu maalumu, cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Fikiria: mataifa makubwa yamekaa Ufaransa kugawana dunia, na katikati ya karatasi zile limo jina la mtu wa Kalenga. Miezi sita ikapita, na miaka ikapita. Ni mwanzoni mwa miaka ya hamsini ndipo gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolipata kwenye makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, akalichagua kwa vipimo vilivyolinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Mwaka 1954 akalikabidhi hapa Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu.

Wapo wanaobisha kwamba huenda si lenyewe. Ukimuuliza mzee wa hapa atakutazama kidogo, kisha atakuuliza wewe umetoka wapi. Usibishane naye. Vua kofia, punguza sauti, na uulize kabla ya kupiga picha, maana kwa wengine hapa ni babu yao aliyelala kwenye kioo. Nje kuna makaburi ya ukoo na mabaki ya ngome. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ukuta ulipopita.

Kiwiliwili chake hakiko hapa. Kiko Mlambalasi, mbele zaidi kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha, kwenye mwamba alipofia. Mwenye siku ya tatu na gari imara aende. Ni mbali, njia ni ya vumbi, na huko hakuna soda.

Ulanzi, kwa wanaotumia

Ukija wakati wa mvua, njia ya kurudi ina kituo kimoja zaidi. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi: chipukizi linakatwa ncha, linakingiwa, na asubuhi na jioni mwenye shamba anapita kulikata upya na kukusanya. Mbichi unaitwa mtogwa, mtamu, mtoto wa mjini anaweza kudhani ni juisi. Ukilala unakuwa mkangafu, na mkangafu haufanyi utani. Anza na mtogwa, kikombe kimoja, ukae kwenye benchi pamoja na watu usikilize maneno. Nje ya msimu ukiuziwa "ulanzi" uulize maswali.

Ukibaki na nusu siku

Nenda Igeleke, kaskazini mwa mji kwa barabara ya Dodoma. Ni mwamba wenye michoro ya kale ya rangi nyekundu, watu na wanyama, tembo na twiga wakiwemo. Nenda na mwongozaji kutoka Boma, peke yako utazunguka mawe yasiyo na mchoro hata ukate tamaa. Michoro usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Kuna watu waliwahi kufanya hivyo na rangi haikurudi.

Mabasi ya Dar hutoka Igumbilo mapema, kwa hiyo kata tiketi jana yake na koti liwe juu ya begi, siyo ndani. Na ukishatoka mjini, kabla hamjafika Ilula, mwambie kondakta akuonyeshe Lugalo. Kuna mnara jirani na barabara, waliujenga Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Wakati wa kuja uliupita umelala.